Karte ya metro ya New York ya 1972: ilikataliwa, ikatunzwa mu museo, kisha ikarudi

Mu mwezi wa nane mwaka wa 1972, watu wa New York, muji mukubwa kupita yote ya Marekani, walipewa karte mupya ya treni zao za chini ya udongo. Iligawanywa bure ku vituo. Nyuma ya miaka saba tu, wakubwa wa treni waliiondoa, juu watu wengi walisema inawapoteza. Leo karatasi ileile ya bure inalindwa mu museo, na kuko watu wenye wanainunua kwa bei na kuitia mu kioo ku ukuta ya nyumba. Tena mu mwezi wa ine mwaka wa 2025, muji ule ulitoa karte ingine mupya yenye inafanana sana na ile ya zamani.

Namna gani kitu kimoja kinakuwa kibaya, kisha kinakuwa cha bei, kisha kinarudia kazi yake? Mu ukurasa huu tunafata historia ya karte hiyo: nani aliichora, juu ya nini ilichorwa vile, na juu ya nini watu waliikatala.

Karte ya njia haiko karte ya inchi

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Mugeni akikuuliza mu Goma namna ya kufika Mugunga, hautamwambia barabara inapinda wapi ao iko na metre ngapi. Utamwambia: "Panda hapa, utapita Signers, utapita Katindo, utapita Ndosho, kisha utafika." Umemupa majina kwa mupango wake, basi. Kilometre haukutaja, na kaskazini haukutaja. Lakini atafika.

Karte nyingi za metro zinafanya kazi ya namna hiyo. Haziapimi udongo. Zinaonyesha vituo vinafatana namna gani, na wapi mutu anashuka treni moja ili apande ingine. Mwenye alionyesha dunia kama inawezekana ni Mwingereza Harry Beck, muchoraji wa mipango ya umeme wa metro ya London. Karte yake ilichapwa mwaka wa 1933. Alinyoosha mistari yote, akaacha paka mistari ya kulala, ya kusimama, na ya kuinama degre 45. Katikati ya muji alipapanua, pembeni akapafupisha. Watu wa London waliipenda mara moja, na miji mingi ya dunia iliiga mufano huo.

New York nayo ilijaribu. Lakini kule kulikuwa matatizo yenye London haikukuwa nayo.

Kompanyi tatu mu muji mumoja

Metro ya New York ilifunguliwa tarehe 27 mwezi wa kumi mwaka wa 1904. Kwa muda murefu haikukuwa metro moja. Kulikuwa kompanyi mbili za watu binafsi, IRT na BMT, na kuanzia mwaka wa 1932 kukaongezeka njia za muji wenyewe, zenye ziliitwa IND. Kila mumoja alijenga kwa kushindana na mwenzake. Njo maana mpaka leo kuko mahali mu Manhattan fasi njia mbili zinaenda upande mumoja, karibukaribu, na kila moja iko na vituo vyake. Mwaka wa 1940 muji ulinunua zile kompanyi mbili, na zote tatu zikawa chini ya mukubwa mumoja. Lakini mu kichwa ya watu, na ku karte, zilibakia tatu.

Mwaka wa 1958, muchoraji George Salomon alitengeneza karte ya kwanza yenye kufata njia ya London: mistari iliyonyooka na kona safi. Ilikuwa na rangi tatu tu: nyeusi kwa IRT, kijani kwa BMT, nyekundu kwa IND. Shida iko wapi? Abiria hapandi kompanyi. Anapanda treni. Mutu mwenye anataka kuenda kazini hana faida ya kujua nani alichimba shimo miaka 40 mbele.

Mwaka wa 1964 wakubwa wa treni walifanya mashindano ya kutafuta karte ya muzuri. Mumoja kati ya washindi alikuwa avoka, hapana muchoraji: Raleigh D'Adamo. Wazo lake lilikuwa kwamba kila njia ya treni ipate rangi yake, hata kama inapita mu shimo moja na treni zingine. Kisha mwaka wa 1967 kukafunguliwa kiungo kipya chini ya barabara ya Chrystie, na treni za BMT zikaanza kupita mu njia za IND. Kuanzia siku ile, zile rangi tatu hazikukuwa tena na maana. Mwaka uleule wakachapa karte yenye rangi nyingi, lakini ilijaa sana, na kuisoma ilikuwa kazi.

Kuko jambo lingine lenye linafanya treni za New York zikuwe nguvu kuchora. Mu sehemu nyingi kuko reli ine pamoja, mbili kwa kila upande. Mu reli moja inapita treni yenye inasimama ku kila kituo. Mu ingine inapita treni ya mbio, yenye inaruka vituo na kusimama paka ku vile vikubwa. Kwa hiyo haitoshi kumwambia abiria kama njia inapita kwake. Lazima ajue kama treni yenye amepanda itasimama. Asipojua, anaangalia kituo chake kinapita mu dirisha.

Wachoraji kutoka Milano na Amsterdam

Massimo Vignelli alizaliwa Milano, mu Italia, mwaka wa 1931. Alisoma mambo ya ujenzi wa nyumba, kisha akaingia mu kazi ya kuchora kila aina ya vitu: vitabu, viti, sahani, alama za kompanyi. Alifanya kazi maisha yake yote pamoja na bibi yake, Lella Vignelli. Mwaka wa 1967 alitengeneza alama ya kompanyi ya ndege American Airlines, yenye ilitumika mpaka mwaka wa 2013.

Mwenzake Bob Noorda alizaliwa Amsterdam, mu Uholanzi, lakini alifanya kazi Milano. Yeye njo alichora vibao na alama za metro ya Milano, yenye ilifunguliwa mwaka wa 1964. Wote wawili walikuwa mu kompanyi yenye iliitwa Unimark.

Mwaka wa 1966 wakubwa wa metro ya New York waliwaita juu ya vibao kwanza, hapana karte. Wakati ule vibao vya vituo vilikuwa vya kila namna: vingine vya vigae vidogo vya zamani, vingine vya bati, vingine vilichorwa kwa mukono. Noorda alishuka mu vituo, akafata abiria namna wanatembea, akaandika ni wapi mutu anasimama na kujiuliza aende wapi. Kibao kikuwe palepale, hapana mbele, hapana nyuma. Kazi hiyo ilitoa kitabu kikubwa cha sheria za vibao mwaka wa 1970. Zile duara za rangi zenye namba ao herufi, zenye watu wanaziona mu filme yoyote ya New York, zilitoka mu kazi hiyo.

Kisha wakaombwa karte. Vignelli aliongoza mupango wake. Mwaka wa 1971 aliondoka Unimark ili kufungua biro yake na Lella, na Joan Charysyn, muchoraji wa Unimark, njo aliendelea na kazi mpaka ikamalizika. Jina lake halitajwe sana, lakini wenye kufata historia hii wanapaswa kulijua.

Namna karte ilikuwa inafanya kazi

Vignelli alikuwa na sheria mbili zenye mutoto anaweza kuzielewa: kila treni iko na mustari wake wa rangi, na kila kusimama iko na pointi yake.

Tuseme treni ine zinapita mu shimo moja. Ku karte yake unaona mistari ine ya rangi, imelala pamoja kama kamba za umeme. Ukifika ku kituo, unaangalia mustari wako. Kuko pointi nyeusi? Treni yako inasimama. Hakuna pointi? Inapita bila kusimama. Basi, imekwisha. Ile shida ya treni ya mbio na treni ya polepole ilipata jibu bila maneno mengi. Wakati ule njia nyingi za treni ya polepole ziliitwa kwa herufi mbili, kama RR, na hilo pia lilisaidia.

Mistari yote ilinyooshwa: ya kulala, ya kusimama, na ya degre 45. Manhattan, fasi njia zinabanana, ilipanuliwa. Majina yaliandikwa na herufi za Helvetica, zenye hazina mapambo. Na namna rangi zilichaguliwa, zilikuwa zinang'aa kama vitambaa vya sokoni.

Lakini Vignelli hakuacha kabisa udongo wa juu. Aliacha pwani ya muji, na mito, na bustani kubwa. Hapo njo matatizo yalianzia.

Maji ya rangi ya muchanga, na bustani ya pande ine

Ku karte ile, maji hayakukuwa bulu. Yalikuwa rangi ya muchanga. Bustani hazikukuwa kijani, zilikuwa rangi ya majivu. Kwa Vignelli hilo halikukuwa shida, juu yeye hakuchora mito, alichora njia za treni, na hakutaka rangi ingine ishindane na mistari. Lakini abiria alisimama mbele ya ukuta na kujiuliza kama muto umekauka.

Ubaya mukubwa ulikuwa Central Park. Kila mukaaji wa New York anajua hiyo bustani: iko refu na nyembamba, karibu kilometre 4 kwa urefu na metre 800 tu kwa upana. Ku karte ya 1972 ilikuwa karibu pande ine zenye kulingana. Mugeni mwenye aliamini karte aliweza kushuka upande mumoja wa bustani na kufikiri kutembea mpaka mwisho wake ni jambo la dakika chache.

Kulikuwa pia makosa yenye haikukuwa juu ya kunyoosha tu. Ku barabara ya 50, mu Manhattan, kuko vituo viwili vyenye jina moja: kimoja ku Broadway, kingine ku avenyu ya nane. Pale, Broadway iko upande wa mashariki. Karte iliweka kituo cha Broadway upande wa magaribi. Mutu akitoka chini na kuelekea mahali karte ilimwambia, anaenda kinyume.

Unaweza kusema: London nayo inadanganya, na hakuna mutu analalamika. Ni kweli. Lakini barabara za London ziko zinapindana, na watu wengi hawana picha yake mu kichwa. Sehemu kubwa ya Manhattan iko tofauti. Barabara zake zilipangwa kama madirisha, moja, mbili, tatu, mpaka juu, na avenyu zinazikata. Mukaaji wa kule anajua barabara ya 42 iko wapi hata akifunga macho. Karte ikimwambia kitu kingine, hawezi kuona kama imerahisisha. Anaona imekosea.

Tusisahau pia wakati wenyewe. Mu miaka ya 1970 New York ilikuwa mu shida. Mwaka wa 1975 muji ulikuwa karibu kushindwa kulipa madeni yake. Treni zilikuwa zinaharibika, zimejaa maandishi ya rangi ndani na inje, na watu walikuwa wanaogopa wizi. Wakati kama ule, kutoka mu shimo na kujikuta mahali haupajui haiko jambo la kuchekesha. Sisi wa mashariki tunajua vizuri tofauti kati ya kupotea mu muji wa amani na kupotea mahali hauna uhakika napo.

Vignelli mwenyewe alijitetea miaka mingi. Alisema karte ile haikupaswa kuwa peke yake. Mupango ulikuwa kuweka pamoja naye karte ingine ya muji wote kwa vipimo vya kweli, karte ya kila kartie karibu na mulango wa kutokea, na maelezo kwa maneno juu ya namna ya kufika. Mutu angesoma mistari akiwa chini, na kabla ya kupanda ngazi angeangalia karte ya kartie. Lakini ile familia yote haikuwekwa ku vituo vile ilipangwa. Abiria walibakia na karte moja, na wakaiuliza maulizo yenye haikuchorwa kwa kuyajibu.

Usiku wa Cooper Union

Mu kati ya miaka ya 1970, MTA, shirika lenye linaongoza usafiri wa New York, liliunda kamati ya kutafuta karte ingine. Kiongozi wake alikuwa John Tauranac, mwandikaji wa karte na vitabu vya kuongoza wageni. Mu kamati ile kulikuwa pia Arline Bronzaft, mutaalamu wa akili ya binadamu. Yeye na wenzake walikuwa walipima watu kwa kuwaomba wapange safari na karte, na wakaona wengi wanachagua njia zenye haziko nzuri.

Tarehe 20 mwezi wa ine mwaka wa 1978, pande mbili zilikutana mbele ya watu mu chumba kikubwa cha masomo ya Cooper Union, mu Manhattan. Tauranac kwa upande mumoja, Vignelli kwa upande mwingine. Si kila siku watu wanajaza chumba ili kubishana juu ya karte. Tauranac alitetea kwamba abiria iko mutu mwenye anatembea juu ya udongo kisha anashuka chini, na karte inapaswa kumuunganisha na muji. Vignelli alitetea kwamba ukitaka kusema yote mu karatasi moja, hakuna kitu kitasikika. Sauti za mubishano ule zilipatikana miaka mingi kisha, na mwaka wa 2021 mutengenezaji wa filme Gary Hustwit alizitoa mu kitabu.

Tauranac njo alishinda. Mwaka wa 1979 karte mupya ilitoka, imechorwa na biro ya Michael Hertz. Maji yakakuwa bulu, bustani kijani, na Central Park ikapata tena urefu wake. Muchoraji mumoja wa biro ile, Nobuyuki Siraisi, alipanda njia za treni huku amefunga macho, akichora mu daftari vile mwili wake ulisikia kona. Kona zile zilisaidia kuchora mistari mupya yenye kupinda.

Karte ya 1979 ilileta pia wazo moja lenye lilikuwa la akili sana kupita lile la Vignelli. Badala ya kila treni kuwa na rangi yake, treni zote zenye zinapita avenyu moja kubwa ya Manhattan zikapata rangi moja. Bulu ni avenyu ya nane, machungwa ni avenyu ya sita, kijani ni Lexington, nyekundu ni avenyu ya saba. Mutu hahitaji tena kukumbuka rangi zaidi ya 20. Lakini kulikuwa na bei ya kulipa: mistari mingi ilikunjwa kuwa mumoja, na ile pointi ya wazi ya Vignelli ikapotea. Ili ujue kama treni yako inasimama, ulipaswa kusoma herufi ndogondogo chini ya jina la kituo.

Karte ile ilikaa ku kuta zaidi ya miaka 40, pamoja na marekebisho mengi. Na kati ya Hertz na Tauranac kukabakia mubishano juu ya nani aitwe baba yake.

Kutoka mufuko wa abiria mpaka ukuta wa museo

Mara karte ya 1972 iliondolewa, ikaanza maisha mengine. Wachoraji na walimu wa sanaa waliendelea kuitaja kama kazi ya muzuri. Museo ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, iliiweka mu vitu vyake. Mwaka wa 2008 gazeti Men's Vogue liliomba Vignelli aichore upya kulingana na njia za siku zile. Nakala 500 zenye sinyatire yake zilitolewa kwa dola 299 kila moja, kwa ajili ya kazi ya musaada, na zikaisha mbio. Mu hiyo mupya alitosha bustani, na hakutaka tena iitwe karte. Alisema ni diagramu. Mwaka mumoja mbele ya pale, mu filme juu ya herufi za Helvetica, alikuwa amekubali kosa lake kwa namna yake: alisema hakupaswa kuweka mito na bustani hata kidogo. Wapinzani wake walisema aliondoa udongo kupita kiasi. Yeye alisema hakuondoa ya kutosha.

Kwa wenye kutafuta nakala za zamani, kuko mambo ya kuangalia. Karte ilichapwa mara nyingi kati ya 1972 na mwisho wa miaka ya 1970, na kila mara kitu kilibadilika. Alama nzuri kupita zote iko mu Bronx, upande wa juu. Nakala za kwanza zinaonyesha treni namba 8 ku avenyu ya tatu. Njia ile ilifungwa mu mwezi wa ine mwaka wa 1973, kisha ikabomolewa. Alama ya pili iko mu Brooklyn: njia fupi ya Culver ilifungwa mu mwezi wa tano mwaka wa 1975. Karte yenye iko na zote mbili ni ya mwanzo. Yenye haina hata moja ni ya kuchelewa.

Angalia pia karatasi. Karte za mufuko zilikunjwa, kwa hiyo ya kweli lazima iko na alama za kukunja, na mara nyingi iko na matobo madogo ku kona za mikunjo. Ikiwa mutu anakuuzia karte "ya 1972" yenye haina hata mukunjo mumoja, na karatasi yake iko nyeupe na nzito, inaweza kuwa nakala ya kuchapwa siku hizi. Zile kubwa za ukuta ziliwekwa ku vituo fasi watu wanazigusa na kuziandikia, na wakati wa kubadilisha zilitupwa. Njo maana zenye zilibakia nzima haziko nyingi.

Kurudi mwaka wa 2025

Massimo Vignelli alikufa New York tarehe 27 mwezi wa tano mwaka wa 2014. Mbele ya kufa alikuwa ameona kazi yake ikianza kurudi. Mwaka wa 2011 MTA ilitoa ku intaneti karte ya kuonyesha mabadiliko ya treni za wikendi, na ikachagua mufano wa mistari yake, juu ni rahisi kuzima mustari mumoja bila kugusa ingine.

Tarehe 2 mwezi wa ine mwaka wa 2025, MTA ilitangaza karte mupya ku vituo na ndani ya treni, badiliko kubwa la kwanza tangu 1979. Mistari imenyooka tena. Kila treni iko tena na mustari wake. Lakini haiko nakala ya 1972, juu rangi ziko za 1979: treni za avenyu ya nane zote bulu, za Lexington zote kijani. Pande mbili za ule usiku wa Cooper Union zimekaa ku karatasi moja.

Ni nini kilibadilika? Vituo haviko vingi sana kupita vya zamani. Leo viko 472. Chenye kilibadilika ni mufuko wa abiria. Mu 1972, karte ya ukuta ilipaswa kujibu maulizo yote: nipande nini, nishuke wapi, na nikitoka inje nielekee wapi? Leo ulizo la mwisho linajibiwa na simu. Mutu anatoka ngazi na simu inamuonyesha amesimama wapi. Kwa hiyo karte ya ukuta imerudia kazi moja, ile yenye Vignelli alitaka kuipa tangu mwanzo. Lakini simu ikiishiwa na moto, ama kwa muzee mwenye hana simu ya kugusa, maneno ya Tauranac yanarudia nguvu yake yote.

Kwa wenye kuko na karatasi za zamani

Karte ya 1972 ilikuwa ya bure, na wengi waliitupa. Wenye waliiweka mu sanduku njo leo wanaweza kuonyesha treni namba 8 ya Bronx, yenye haiko tena ku udongo. Hata kwetu, mu nyumba za Bukavu, Kindu, Kalemie ao Bunia, kunaweza kukuwa mu kabati ya babu karte ya muji, tikiti ya treni ama ratiba ya mashua, na majina ya avenyu yenye yalibadilika. Kama unaipata, usiipange na skoche, juu gundi yake inakula karatasi. Usiipeleke kuiplastifie, juu hakuna tena namna ya kuitosha mule. Ifungue, ilaze bapa kati ya karatasi safi, mbali na jua na unyevu, na uandike ku karatasi ya pembeni, hapana ku karte yenyewe, nani alikuwa nayo na mu mwaka gani.